Meza ya duara na watu wenye masharti: njia ipi ya kuhesabu ushike, ipi uiache

Swali lenyewe huwa linakuja kinyonge. Watu 8, meza ya duara, A na B wamenuniana kwa hiyo wasikae jirani, je kuna mipangilio mingapi? Wape watu watano hilo swali uone. Wa kwanza anaanza kwa kumkalisha A, wa pili anahesabu yote afu anatoa mabaya, wa tatu anawasimamisha hao wawili pembeni anakalisha wengine kwanza, wa nne keshafungua kompyuta, na wa tano anauliza "fomula yake ni ipi?" Huyo wa tano ndo namwandikia hii, manake fomula moja hamna, kuna njia kama sita hivi na kila moja ina siku yake ya kung'ara na siku yake ya kukuaibisha. Nitazipa maswali yale yale tuone ipi inafika mapema na ipi inaishia njiani.

Kwanza kabisa, nini ni sawa na nini

Kabla hujashika njia yoyote uliza meza yenyewe ikoje. Kama viti havina namba, basi watu wote 8 wakisimama na kila mmoja akasogea kiti kimoja kulia hakuna kilichobadilika, wa kushoto kwako ni yule yule, wa kulia yule yule, tunasema huo ni mpangilio mmoja. Kila mpangilio una mizunguko 8 ya namna hiyo, kwa hiyo 8! (yani 8 × 7 × 6 hivyo hivyo mpaka 1) ambayo ni 40320 tunaigawa kwa 8 tunabaki na 7! yani 5040. Kama viti vina namba, au kuna kiti kimoja kinachojulikana, kile cha mwenyekiti au kinachotazama mlango, hapo kuzunguka sio bure tena na unabaki na 40320 zako. Afu kuna wale wa bangili na shanga, kitu ambacho unaweza kukigeuza juu chini, kushoto na kulia vinabadilishana na unagawa tena kwa 2 unapata 2520. Watu hawageuzwi juu chini, kwa hiyo kwenye meza usigawe kwa 2 labda swali liseme lenyewe kwamba linajali nani jirani wa nani tu bila kujali upande.

Nusu ya mabishano ya hizi hesabu yanaanzia hapa wala sio kwenye njia. Ukiona jibu lako ni mara 8 au mara 16 ya jibu la mwenzako, usianze kukagua hesabu, nenda kaulize meza yake ina namba au haina. Mi huwa nafanya kila kitu kwenye meza isiyo na namba, afu kama viti vina namba nazidisha kwa idadi ya viti mwishoni. Hiyo inakubali kila mara maadam watu wote ni tofauti na sharti linahusu majirani, sio kiti chenyewe.

Njia tatu, swali moja

Turudi kwa A na B wasiokaa pamoja kati ya watu 8.

Njia ya kumkalisha mmoja: A anakaa popote, haijalishi wapi, meza ni duara. Baada ya A kukaa viti vimeshapata majina, kuna kiti cha kulia kwake, cha kushoto kwake, cha mbele yake na kadhalika. B ana viti 7 vilivyobaki lakini viwili vimekatazwa, anabaki na 5. Waliobaki 6 wanajipanga watakavyo, 720. Jibu 5 × 720 = 3600.

Njia ya kutoa mabaya kwenye jumla: jumla ni 5040. Mabaya ni yale ambayo A na B wako jirani, tunawafunga kamba wawe mtu mmoja, sasa meza ina "watu" 7, wanakaa kwa namna 6! = 720, na ndani ya kamba A anaweza kuwa kulia au kushoto kwa hiyo mara 2, 1440. 5040 − 1440 = 3600.

Njia ya kuchomeka kwenye mapengo: wasimamishe A na B pembeni, wakalishe 6 wengine kwanza, 5! = 120. Kati yao kuna mapengo 6 (kwenye duara watu 6 wana mapengo 6, sio 7 kama kwenye mstari, hii inawaponza wengi). A anachagua pengo moja kati ya 6, B moja kati ya 5 yaliyobaki, 120 × 6 × 5 = 3600.

Zote zimefika, na kwa swali hili mi nachagua ya kwanza bila kufikiria, haina kutoa wala kukumbuka mapengo, ni fupi na unaiona kwa macho. Ila kwa watu wawili tu hakuna njia mbaya, ndo maana wengi wanadhani ni suala la kupenda tu. Ongeza mtu mmoja uone.

Watatu wasiopatana

Watu ni wale wale 8, ila sasa A, B na C, asikae yeyote kati yao jirani na mwenzake.

Hapa ndo njia ya kutoa inaangusha watu, na mi nilishaanguka, tena ubaoni mbele ya wenzangu, nimeandika kwa kujiamini kabisa. Nilifanya hivi: jumla 5040, funga A, B na C kwa kamba moja, meza inabaki na vitu 6, 5! = 120, ndani ya kamba 3! = 6, mabaya 720, jibu 5040 − 720 = 4320. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa upole, je A na B wakikaa pamoja na C akawa ng'ambo kule, hiyo umeitoa wapi? Sikuwa nimeitoa popote. Nilichohesabu ni "wasikae wote watatu kwa mfululizo", swali lilikuwa "asikae yeyote na yeyote", na kwa maneno yanafanana kiasi kwamba ukisoma haraka huoni tofauti.

Sasa itazame njia ya mapengo. Wakalishe 5 wengine, 4! = 24. Mapengo 5. A anachagua 5, B 4, C 3, jumla 60. 24 × 60 = 1440. Imeisha, mistari miwili.

Ukitaka kuing'ang'ania njia ya kutoa lazima uiendeleze iwe kutoa na kurudisha, na ni hivi: toa kila jozi inayokaa pamoja, jozi ni tatu, kila moja 1440, unatoa 4320 (namba hii imefanana na kosa langu kwa bahati tu, nayo ilishanichanganya siku nyingine). Ila mpangilio wenye B katikati ya A na C umeutoa mara mbili, mara moja kwa jozi ya A na B na mara moja kwa B na C, kwa hiyo unaurudisha: B katikati ni 2 × 5! = 240, na wa katikati anaweza kuwa yeyote kati ya watatu, 720. Jozi zote tatu kwa pamoja haiwezekani kwenye meza ya watu 8. 5040 − 4320 + 720 = 1440. Jibu lile lile, jasho mara tatu.

Na kumkalisha mmoja? A anakaa, B ana viti 5, lakini viti vya C vinategemea B amekaa wapi. B akiwa ameruka kiti kimoja tu kutoka kwa A, kile kiti cha katikati kimekatazwa na A na B kwa pamoja, kwa hiyo C anabaki na viti 3. Akiwa mbali zaidi C anabaki na 2. Kwa hiyo kesi mbili: viti 2 vya B × 3, jumlisha viti 3 vya B × 2, ni 6 + 6 = 12, mara 5! = 120, 1440. Sio mbaya, ila wakifika wanne hizo kesi zitakuchosha wakati mapengo bado ni mistari miwili.

Kwa hiyo kundi moja ambalo wote hawapatani na wote, chomeka kwenye mapengo, hata usifikirie kingine. Na uangalie kama mapengo yanatosha, ukiwa na watu 8 na wasiopatana ni 5, wengine ni 3 tu na mapengo 3, jibu ni sifuri na njia yenyewe inakuambia. Pale katikati kabisa, 4 kwa 4, wanakaa kwa kupishana: 3! × 4! = 144. Hesabu ya wanaume wanne na wanawake wanne wanaopishana ni hiyo hiyo.

Ila mapengo yana udhaifu wake mkubwa: lazima hao unaowachomeka wawe kundi moja lenye ugomvi wa wote kwa wote. Kama A hampendi B, na C hampendi D, lakini A na C ni marafiki wakubwa wanaweza kukaa pamoja, mapengo yanakufa hapo hapo, manake ukiwachomeka wote wanne kila mmoja na pengo lake umewazuia A na C kukaa jirani na hakuna aliyekuomba.

Sharti likitaja mahali

Kuna maswali ambayo hayaongelei jirani, yanaongelea umbali. A amtazame B ng'ambo ya meza. Kati ya A na B wawepo watu wawili kamili. Hapa kufunga kamba na kuchomeka usijaribu, mkalishe A na uhesabu viti.

Meza ya 8, B mkabala na A: B ana kiti kimoja, waliobaki 6! = 720. Watu wawili kati yao: B ana kiti cha tatu kulia au cha tatu kushoto, viti 2, mara 720, 1440. Rahisi, lakini ukiibadilisha meza iwe ya watu 6, kiti cha tatu kulia na cha tatu kushoto ni kiti kimoja hicho hicho! Jibu sio 2 × 4! = 48, ni 24. Fomula uliyoikariri haitakuonya, ukichora duara na nukta sita utaona mara moja. Hii ndo sababu naipenda njia ya kumkalisha mmoja, inakulazimisha uchore.

Kosa lake la kawaida ni moja: mtu anamkalisha A, sawa, afu bado anaandika 7! kwa waliobaki NA anapunguza tena kwa sababu ya duara. Yani anaikata meza mara mbili. Ukishamkalisha A duara limekufa, sasa ni mstari wa viti 7 vyenye majina, usigawe chochote tena.

Na mkalishe yule mwenye sharti, sio mtu baki. Hesabu itakubali hata ukimkalisha H ambaye hana ugomvi na mtu, ila utaanza kuuliza A yuko karibu na H au mbali na H, kesi zinazaa kesi bila sababu.

Jozi nyingi, na hapa ndo patamu

Mume na mke, jozi kadhaa, hakuna anayekaa jirani na wake. Hakuna kupishana wala nini, mtu yeyote anakaa popote mradi mwenza wake asiwe jirani. Nitaanza na jozi 3 kwa mkono: A na a, B na b, C na c.

Mkalishe A kiti cha 1 kati ya 6. Mwenza wake a hawezi kukaa cha 2 wala cha 6, kwa hiyo yuko cha 3, 4 au 5.

a akiwa cha 4, mkabala, viti vilivyobaki ni 2-3 upande mmoja na 5-6 upande wa pili. Wanne waliobaki wanajipanga kwa namna 24, mabaya ni pale ambapo 2-3 wamekaa jozi kamili (na hapo 5-6 nao ni jozi tu, hamna jinsi), hizo ni 4 × 1 × 2 × 1 = 8. Zinabaki 16.

a akiwa cha 3, kiti cha 2 kiko peke yake katikati ya A na a, anaweza kukaa yeyote kati ya wanne. Tuseme B amekaa hapo. Vimebaki 4, 5, 6 kwa b, C, c. C na c wasigusane, kwa hiyo lazima b awe katikati, cha 5, na C na c wako pembeni kwa namna 2. 4 × 2 = 8. a akiwa cha 5 ni kioo cha hiyo, 8 nyingine.

16 + 8 + 8 = 32. Inapendeza, nusu ukurasa tu. Sasa jaribu jozi 4 hivyo hivyo uone utakavyoishia, mi nilifika kesi ya saba nikaacha, sikumbuki hata nilikuwa natafuta nini.

Njia ya kutoa na kurudisha ndo ya kazi hii. Inaenda hivi: jozi zote zikiwa n, ukichagua k kati yake na kuzifunga kila moja kamba yake, watu 2n wanapungua kuwa 2n − k, wanakaa kwenye duara kwa namna (2n − k − 1)!, na kila kamba ina pande mbili kwa hiyo 2 inajizidisha mara k. Kuchagua jozi zenyewe ni C(n, k), yani namna za kuchagua vitu k kati ya n (hiyo C sio yule mtu C). Afu alama zinapishana, toa, rudisha, toa, rudisha. Kwa jozi 4:

5040 − 4×2×720 + 6×4×120 − 4×8×24 + 16×6

yani 5040 − 5760 + 2880 − 768 + 96 = 1488.

Ona hatua ya pili, umetoa 5760 kwenye 5040, katikati ya hesabu uko chini ya sifuri! Wengi wakifika hapo wanadhani wamekosea wanafuta. Usifute, endelea, ndo kawaida yake, inatoa kupita kiasi afu inarudisha. Kwa jozi 3 ni 120 − 144 + 72 − 16 = 32, inakubaliana na ile tuliyofanya kwa mkono, na kwa jozi 5 ni 112512. Mstari ni mmoja tu hata jozi zikiwa 10.

Kwa nini hapa ni safi hivi na kule kwa watatu wasiopatana ilikuwa inasumbua? Kwa sababu jozi za ndoa hazigawani mtu. Kamba ya A na a haimgusi B. Kule kwa A, B, C kamba mbili zilikuwa zinamshika B mmoja, na kamba zikigongana lazima ukae uangalie kila mgongano unaacha nini. Kwa hiyo kabla hujaichagua njia hii chora nukta za watu, unganisha kwa mstari wasiopatana, ukiona vijistari vilivyoachana kila kimoja kivyake, kutoa na kurudisha kutateleza. Ukiona pembetatu imejifunga (wote kwa wote), nenda mapengo. Ukiona nyota, mtu mmoja ana ugomvi na watatu ambao wenyewe kwa wenyewe hawana shida, mkalishe huyo wa katikati: meza ya 8, A hataki B, C wala D, majirani zake wawili watoke kwa wanne waliobaki, 4 × 3, wengine 5! = 120, jibu 1440. Na ukiona fujo, mistari inaenda kila upande, soma chini kwenye kompyuta.

Kuna aina ya katikati nayo naitaja haraka. Watu walikaa jana, leo wanakaa upya, na asiwepo mtu mwenye jirani yule yule wa kulia. Hapo kamba zinagongana kweli, lakini kila kamba ina mwelekeo mmoja tu kwa hiyo zikigongana zinaungana kuwa kamba ndefu bila shida, na ile 2 haipo. Kwa watu 5: 24 − 30 + 20 − 10 + 5 − 1 = 8. Ile 1 ya mwisho ni mpangilio wa jana wenyewe, kamba zote tano zimefungwa duara zima, usiisahau. Kwa watu 4 jibu ni 1 tu, na ukiwakalisha kinyume, yani mwelekeo wa jana umegeuzwa, umeshaupata.

Wanapishana NA wenza hawagusani

Hii ndo maarufu kuliko zote. Édouard Lucas, mwanahisabati Mfaransa, aliiuliza mwaka 1891: jozi n, mwanaume mwanamke wanapishana, na hakuna mtu jirani na mwenza wake. Kumbe Tait wa Scotland alikuwa ameshakutana na hesabu hiyo hiyo kabla yake akiwa anahangaika na mafundo ya kamba. Baadaye wanahisabati wengine wakaimalizia, Touchard akatoa fomula 1934, Kaplansky akaonyesha kwa nini ni kweli 1943.

Kwa miaka yote hiyo wengi walianza vile vile: kalisha wanawake kwanza, afu wachomeke wanaume. Inaonekana ya busara, tumeona mapengo yanavyotembea. Ila hapa kila pengo lina wanaume wawili waliokatazwa, mume wa huyu wa kushoto na mume wa huyu wa kulia, na makatazo yamefungana mnyororo duara zima, kwa hiyo unajikuta na swali la pili gumu kuliko la kwanza. Mwaka 1986 Bogart na Doyle wakaandika kwamba ugumu wote ulitokana na hiyo heshima ya kuwakalisha kina mama kwanza. Wao hawakumkalisha mtu, walianza na viti: vipande vya viti viwili viwili vinapangika kwenye duara kwa namna ngapi bila kugombea kiti kimoja? Kwa viti 8, vipande 0 ni namna 1, kipande 1 ni namna 8, viwili 20, vitatu 16, vinne 2. Ukishazijua hizo, kila kipande unampa jozi, waliobaki wanajaza, na unatoa na kurudisha kama kawaida. Kwa jozi 4 na viti vyenye namba inakuja 1152 − 2304 + 1920 − 768 + 96 = 96. Meza isiyo na namba, gawa kwa 8, 12.

Linganisha: jozi 4 bila kupishana 1488, kupishana bila sharti la wenza 144, vyote viwili 12. Jozi 5 kwa vyote viwili ni 312, au 3120 kama viti vina namba. Ukilipata swali hili usijaribu kesi kwa mkono zaidi ya jozi 3, na usianze na mapengo hata kama yamekunyookea kwenye maswali kumi yaliyopita.

Kompyuta, na lini umwite

Programu ya kupitia mipangilio yote moja moja ni mistari michache tu kwenye Python (lugha ya kuandikia programu), mshikilie A kiti cha kwanza, panga waliobaki, kila mpangilio ukague masharti. Watu 8 ni mipangilio 5040, hata hujaona imeanza. Watu 10 ni 362880, bado upepo. Watu 12 ni 39916800, utasubiri kidogo. Watu 15 ni bilioni 87 na ushee, hapo kalale. Watu 20 ni 19! ambayo ni 121645100408832000, sahau.

Ila kuna programu ya akili zaidi ambayo haikumbuki mpangilio mzima, inakumbuka tu nani wameshakaa na nani amekaa wa mwisho, manake kwa sharti la jirani hayo mawili ndo yanayoamua anayefuata (na mwishoni unakagua wa mwisho na A wanaelewana, hilo watu wanalisahau kila siku, duara linafunga!). Makundi ya watu 20 ni 2 mara yenyewe 20, kama milioni moja hivi, mara 20 za wa mwisho, kompyuta ya kawaida inamaliza vizuri tu. Hii ndo dawa ya ile fujo ya mistari kila upande.

Kompyuta haikuelezi kwa nini, na kwenye karatasi ya mtihani haikusaidii, ila mi naitumia kama hakimu: nimepata njia ya mkato, naijaribu kwa watu 5 au 6, naipa na programu, zikikubaliana naendelea. Ile 4320 yangu isingefika ubaoni kama ningejaribu watu 4 kwanza, wasiopatana watatu. Mtu wa nne ni mmoja, pengo moja, jibu halisi ni sifuri. Kwa njia yangu ingekuwa funga watatu, vitu viwili mezani, 1! mara 6, mabaya 6, jumla 3! = 6, jibu sifuri. Kumbe nayo ingenidanganya! Watu 5 ndo wangeniumbua: jumla 24, mabaya 2! × 6 = 12, ningesema 12, na ukweli ni sifuri manake mapengo ni mawili tu. Kwa hiyo usijaribu saizi moja ukaridhika.

Maswali yaliyochanganywa

Yanayokuja kweli mara nyingi ni haya: C lazima akae jirani na A, lakini asiwe jirani na B. Hapo huchagui njia moja, unachagua ipi itangulie, na mi naanza na lile "lazima" kwa kulifunga kamba, afu "asiwe" nalitoa. Meza ya 8, kamba ya A na C: 2 × 6! = 1440. Kati ya hizo mabaya ni yale ambayo C yuko katikati ya A na B, kamba ya watatu, 2 × 5! = 240. 1440 − 240 = 1200. Ukimkalisha A badala yake: C ana viti 2, kiti cha upande wa pili wa C kinakatazwa kwa B kwa hiyo B ana 5, wengine 120, 2 × 5 × 120 = 1200.

Na kama baadhi ya watu wamefanana, au ni shanga na sio watu, weka haya yote pembeni kwanza. Shanga 2 nyeusi na 2 nyeupe kwenye duara: kwenye mstari ni 6, ukigawa kwa 4 unapata moja na nusu, na hakuna mpangilio nusu. Zenyewe ni 2, nyeusi zimegusana au zimepishana. Ile ya kupishana ukiizungusha nusu duara inarudi yenyewe, kwa hiyo haina mizunguko 4 tofauti, ina 2, na kugawa kwa 4 kuliichukulia kama ina 4.